Jicho la Mashine

Ukitazama leza ikichonga mbao, unachokiona ni moto na moshi. Mwale wenyewe huuoni. Mashine za kaboni dayoksaidi, zile zilizojaa kwenye karakana za vikombe na ngao, hutoa mwale usioonekana kwa macho. Unatoka kwenye tyubu ya kioo, unagonga vioo vitatu, kisha unapita kwenye lenzi ya manjano yenye upana wa milimita 20 hivi, inayoukusanya kuwa nukta.

Nukta hiyo ndiyo kalamu. Shida ni kwamba kalamu hii huchafuliwa na maandishi yake yenyewe. Moshi wa mbao inayochongwa hupanda na kutua kwenye lenzi, kama masizi kwenye glasi ya chemli.

Mwaka jana nilikuwa Kariakoo nikisubiri kibao cha msalaba wa shangazi. Gari la msiba lilikuwa linaondoka alfajiri. Jina la kwanza lilitoka jeusi, safi. La ukoo likaanza kupauka. Mwaka wa kuzaliwa ukawa kama umeandikwa kwa penseli.

"Fundi, si uongeze pawa tu?" binamu yangu akasema.

Fundi akazima mashine. "Pawa ipo, kaka. Uchafu ndio unakunywa moto. Nikiongeza, lenzi inapasuka."

Akasubiri ipoe. Akaichomoa kwa kuishika ukingoni, maana hata mafuta ya vidole huungua na kuacha doa. Akachovya pamba ya masikio kwenye alkoholi, akaipitisha mara moja bila kukandamiza, akaitupa, akachukua nyingine. Lenzi hiyo ni zinki selenaidi: laini, huchubuka upesi, na ikivunjika vumbi lake ni sumu. Kisha akafuta vioo, kimoja kimoja. Kibao hakukigusa. Alipowasha tena, akarudia herufi zilizopauka palepale zilipokuwa. Saa tatu usiku jina lote lilikuwa jeusi.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kwetu habari ikipauka tunaongeza pawa: kichwa kikubwa zaidi, picha ya kutisha zaidi. Nimeripoti ajali na misiba ya watu kwa miaka 10, na sijawahi kusikia mtu akisema tuzime kwanza, tupoe, tujifute.

Baada ya mazishi niliomba siku tano zaidi. Mhariri akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ila nimeanza kuandika vifo bila kuwaona waliokufa.