Butembo: Kutoa filtri ya hewa ya pikipiki, mbio ya leo na deni la kesho

Butembo, Kivu ya Kaskazini. – Ukisimama kwenye kituo chochote cha pikipiki cha mji huu, kuna mlio utakaoujua kabla hujaona chombo chenyewe: mngurumo mzito, wa kukwaruza, kama mtu anayevuta pumzi kwa mdomo wazi. Ni pikipiki ambayo boksi yake ya hewa imetobolewa, ama filtri yake imetolewa na kutupwa. Wamotari husema wameifungulia pumzi. Wanasema sasa inapanda mlima vizuri, inabeba watu watatu bila kulalamika, na ukivuta gesi inaruka mara moja.

Habari hii inawahusu hata wasio na pikipiki. Kwenye barabara za Beni na Lubero, pikipiki ndiyo basi, ndiyo lori, na usiku ndiyo ambulansi. Kanyabayonga ilipotekwa mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi za Kayna, Kirumba na vijiji vya jirani zilikimbia kuelekea kaskazini, Lubero na Butembo. Wengi walifika juu ya pikipiki: mama na watoto wawili, godoro limefungwa nyuma, sufuria inaning'inia pembeni. Pikipiki ikifia mlimani usiku, familia nzima inabaki barabarani.

Kati ya waliofika hivyo yumo motari mmoja, baba wa watoto watatu. Shamba lake la maharagwe lilibaki, nyumba ilibaki, mbuzi pia. Alichookoa ni pikipiki moja ya 125, aliyoinunua kwa kuweka akiba miaka mingi. Mkewe huiita shamba la magurudumu mawili, kwa sababu ndiyo inayowapa bugali, kodi ya nyumba na pesa ya shule.

Wiki chache baada ya kufika alianza kubeba watu na magunia kati ya Butembo na Musienene. Njia ni ya udongo, ina milima, na abiria hawapendi kushuka ili pikipiki ipande. Yake ilikuwa imeanza kuchoka. Kwenye kupanda ilikohoa na kutoa moshi mweusi, na esansi aliyonunua asubuhi kwa wauzaji wa kando ya barabara, wale wanaoitwa Kadhafi, ilikwisha kabla ya saa sita. Mwenzake wa kituoni akamwambia: «Yaya, hiyo boksi inaibana. Toa ile sponji ya ndani, utaona.»

Akaitoa. Na kweli, akaona tofauti siku ileile.

Ni vizuri kulisema wazi: nguvu ile haikuwa ndoto. Wamotari hawadanganyani. Shida ni kwamba nguvu hiyo ilitoka mahali ambapo wengi hawajui, na ilikuwa na bei yake.

Injini hula vitu viwili kwa pamoja, esansi na hewa. Ili gramu 1 ya esansi iungue vizuri, inahitaji karibu gramu 15 za hewa. Anayepima ni kabureta. Ndani yake mna jikleri, vipande vidogo vya shaba vyenye tundu jembamba, ambavyo huruhusu esansi kiasi fulani tu ipite. Lakini kabureta iliyopimwa kwa hewa ya sehemu za chini haijui kwamba imeletwa Butembo, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya ufukweni kwa karibu sehemu moja ya sita. Injini inavuta hewa pungufu, na jikleri haipunguzi esansi kwa kiasi hicho. Ni kama kuletewa bugali nyingi na sombe kidogo: chakula hakishuki. Esansi ambayo haikuungua inatoka nyuma kama moshi mweusi, na buji inajaa masizi.

Sasa ongeza juu yake filtri ambayo haijafunguliwa tangu vita ianze. Vumbi limeiziba, hewa inapungua tena. Siku unapoitoa, hewa inaingia kwa wingi, mchanganyiko unarudi karibu na kipimo chake, moshi unapungua, injini inachangamka. Mlio nao unaongeza imani, maana kitu kinachonguruma zaidi huonekana kina mbio zaidi. Ila sehemu kubwa ya nguvu hiyo ingepatikana kwa kuosha tu ile sponji.

Bei yake inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Pikipiki ya 125 ikikimbia kwa nguvu huvuta zaidi ya lita 200 za hewa kila dakika. Kwa saa moja ni zaidi ya mapipa 60 ya yale makubwa ya lita 200. Miezi ya Juni na Julai, mvua inapopungua na malori yanapopita, hewa hiyo imejaa udongo mwekundu. Ndani ya vumbi mna chembe za mchanga ambazo ni ngumu sana. Zikiingia kwenye silinda zinachanganyika na mafuta ya injini na kuwa kama msasa. Kila pistoni inapopanda na kushuka, msasa huo unasugua silinda na segima, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Hakuna mlio wa kukuonya. Injini inaendelea kukimbia vizuri huku inaliwa.

Kwa motari yule ilichukua chini ya miezi mitatu. Kwanza mafuta ya injini yalianza kupungua bila kumwagika. Kisha moshi ukarudi, safari hii wa rangi ya samawati. Mwisho pikipiki ikawa haiwaki asubuhi mpaka isukumwe. Akaipeleka kwa fundi mmoja mzee. Mzee hakufungua injini kwanza. Alichomoa mpira unaounganisha boksi ya hewa na kabureta, akapitisha kidole ndani. Kikatoka chekundu.

«Mwanangu, nani alikufungulia hii?»

«Ni sisi wenyewe kituoni, mzee.»

«Basi vumbi lote la Musienene umelinunua wewe.»

Silinda ilikuwa imekwaruzwa. Ilibidi kuichonga upya, kuweka pistoni kubwa zaidi na segima mpya. Pesa hakuwa nazo. Kwa wiki tatu alisukuma chukudu la mtu mwingine, na mkewe alibeba mizigo sokoni. Mtoto mkubwa alikaa nyumbani, maana pesa ya shule ilitoka katika ile ile ya pistoni. Mkaaji mwenye shamba na ndugu karibu angekopa kwa jamaa. Aliyehama makwao, jamaa zake nao wako katika nyumba za kupanga na shule zilizogeuzwa makao.

Vumbi si hatari pekee. Anayetoka Butembo kwenda Beni anashuka mita mia kadhaa, na hewa inakuwa nzito zaidi. Pikipiki iliyofunguliwa boksi bila kubadilishwa jikleri inaweza kufika huko ikiwa na hewa nyingi kupita kiasi. Hapo esansi inakuwa kidogo, moto wa ndani unapanda, buji inageuka nyeupe, na ukivuta mzigo mzito kwa muda mrefu pistoni inaweza kukwama. Tena kuna maji. Kiwanda kiliweka mdomo wa boksi juu, chini ya kiti, kwa sababu maalumu. Kabureta iliyoachwa wazi ikirushiwa maji ya dimbwi huyameza, na maji hayabanwi kama hewa. Injini inaweza kusimama ghafla na kile chuma kinachobeba pistoni kikapinda.

Wengine hutoboa tu boksi na kuacha filtri. Hapo inategemea tundu liko wapi. Likiwa upande wa nje, kabla ya filtri, hewa bado inachujwa, ila sponji inachafuka haraka na maji yanaingia kwa urahisi. Likiwa upande wa kabureta, baada ya filtri, ni sawa na kutokuwa na filtri kabisa. Mpira uliopasuka hapo unafanya ubaya uleule, hata kama mwenye pikipiki hajatoboa kitu.

Anayetaka nguvu ya mlima bila kula injini, fundi yule anashauri mambo yaliyo rahisi. Sponji ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe kivulini, ipakwe mafuta ya injini kidogo na kukamuliwa. Mafuta hayo ndiyo yanayonasa vumbi. Filtri ya karatasi haioshwi: inagongwa taratibu au kupulizwa kutoka ndani kwenda nje, na ikichakaa inabadilishwa. Katika miezi ya vumbi, anayepita njia ya udongo kila siku aikague kila wiki. Kama moshi mweusi unaendelea na filtri ni safi, fundi aweke jikleri ndogo zaidi kidogo, kisha atazame buji: rangi ya kahawia ndiyo nzuri. Na kama kazi yako ni kubeba mizigo milimani, badilisha pinyo ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, uweke yenye meno zaidi. Utapoteza mbio kwenye tambarare, lakini mlima utaupanda.

Ndivyo alivyofanyiwa motari yule. Pikipiki yake imerudi barabarani ikiwa na sponji mpya na jikleri ndogo. Hailii kama zamani, na wenzake kituoni humcheka kwamba amepanda cherehani. Yeye huwajibu kwamba esansi ya asubuhi sasa inamfikisha jioni.

Wenye pikipiki wanaozikabidhi kwa vijana na kungojea pesa kila jioni wana sehemu yao pia. Kijana anayedaiwa kiasi kilekile mvua inyeshe isinyeshe atatafuta nguvu popote. Kumwachia pesa ya sponji ni rahisi kuliko kulipa silinda. Nasi abiria tunaopanda watatu na mifuko, tukidai asisimame kwenye kilima, tunamsukuma huko huko.

Kwa hiyo, motari, asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, injini ikiwa imezimwa, fungua kifuniko cha pembeni, chomoa mpira ulio kati ya boksi na kabureta, upitishe kidole safi ndani. Kikitoka bila vumbi, urudishe, uukaze vizuri, uende. Kikitoka chekundu, pitia kwa fundi kwanza, Musienene itangoja.