Kutoka Karatu Hata Laetoli

Mtu apandaye kutoka Mto wa Mbu huliacha Ziwa Manyara mkono wa kushoto, akakwea ukuta wa Bonde la Ufa hata kufika Karatu, nchi ya udongo mwekundu. Wairaqw wa huko, ambao wengi huwaita Wambulu, ni wakulima hodari, wenye kujua matuta na mbolea ya zizini. Hata hivyo makorongo yapo. Njia ya ng'ombe iteremkayo kilimani huwa mfereji, na baada ya masika machache hata punda havuki.

Wageni hupita haraka, maana wanataka kuona kreta ya Ngorongoro. Sisi tuendelee mbele, tupite Endulen mpaka Laetoli. Huko mvua hiyo hiyo yenye kula mashamba ilifunua jambo kubwa. Mwaka 1978 watu wa Mary Leakey waliona katika mwamba wa majivu ya volkano nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi. Umri wake ni kama miaka milioni 3.6. Zilikuwa kama 70, katika mstari wa mita 27 hivi.

Basi, maji yaliyozifunua yangeweza pia kuzifuta. Mwaka 1979 zikafukiwa kwa mchanga, na mawe juu yake. Lakini ndani ya mchanga mlikuwa na mbegu za migunga! Zikaota, zikapata unyevu na kivuli cha mawe, na miaka ya 1990 miti ilikuwa mirefu kupita mtu, mizizi yake ikielekea kwenye nyayo.

Ndipo Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na taasisi ya Getty ya Marekani wakaanza matengenezo. Miti haikung'olewa, maana mzizi ukivutwa hupasua mwamba. Ilikatwa, na visiki vikauawa kwa dawa. Mwaka 1995 na 1996 nyayo zilifunuliwa, zikasafishwa, zikafukiwa tena. Safari hii mchanga ulichekechwa kwanza. Ukatandazwa pamoja na vitambaa maalumu, kimoja chenye dawa ya kuzuia mizizi, na juu kabisa mawe. Maji ya mvua nayo yakawekewa kingo. Wazee wa Kimasai waliitwa, loiboni wao akafanya sherehe, kondoo akachinjwa, ili mahali pale paheshimiwe.

Mgeni afikaye leo hukuta tuta la mawe tu. Wako wanaonung'unika: mbona tumetoka mbali kuona mawe? Mimi naona afadhali hivyo. Mfano wa nyayo umo katika makumbusho ya Olduvai, nao haudhuriki kwa kutazamwa.

Mwaka 2015 mashimo ya kupima mahali pa kujenga makumbusho yalichimbwa hapo Laetoli, na nyayo nyingine zikaonekana, kama mita 150 kusini ya zile za kwanza.