Nyokum, Itanagar

Pale Banderdewa, lango la kuingilia Arunachal Pradesh ukitokea Assam, askari alikigeuza kibali changu mbele na nyuma, kisha akauliza nakwenda wapi. Itanagar, nikamwambia, kwenye Nyokum. Akacheka. "Basi utakula mpaka ushindwe."

Nyokum huangukia tarehe 26 Februari. Ni sikukuu ya Wanyishi, kabila kubwa kuliko yote katika jimbo hili la milima kaskazini-mashariki mwa India. Maandishi ya wakoloni yaliwaita Dafla, jina walilobandikwa na watu wa bondeni, nao Wanyishi walilichukia kwa sababu ya dharau iliyokuwa ndani yake. Waingereza waliondoka 1947, jina likabaki. Bunge la India lililifuta kwenye orodha rasmi ya makabila mwaka 2008.

Uwanja ulikuwa umejaa. Katikati ilisimama madhabahu ya mianzi iliyochanwachanwa hadi ikaota manyoya meupe, na kando yake alifungwa mithuni, ng'ombe wa milimani mwenye miguu myeupe kama aliyevaa soksi. Nyubu, kuhani wao, alikuwa akighani tangu sijafika. Hana msahafu, yote yamo kichwani. Mama mmoja akanipaka unga wa mchele begani bila hata kuniuliza jina.

Wanaume walivaa kofia za henzirani zenye mdomo wa hondohondo juu. Niliomba kushika moja. Ilikuwa nyepesi mno: mdomo ule ni wa fiberi, umepakwa rangi ya manjano. Mwenye kofia, mzee mchangamfu, alisema ule wa kweli, wa baba yake, ameutundika nyumbani. Hondohondo wamepungua, na katika hifadhi ya Pakke baadhi ya waliokuwa wawindaji sasa hulipwa kulinda viota. Sikuona Unyishi wake umepungua hata chembe.

Kwenye dini ndipo mambo yanapokuwa magumu. Imani ya asili huitwa Donyi-Polo, yaani Jua na Mwezi. Jua ni mama. Zamani imani hii haikuwa na jengo. Leo kuna nyumba za ibada ziitwazo Nyedar Namlo, zenye sala za pamoja, na mtu anaweza kusema wameiga kanisa. Wameiga, ndiyo, na mimi siwalaumu: Wanyishi wengi wamekwisha kuwa Wakristo, na kijana aliyezoea kusali na wenzake hatasubiri hadi mtu augue ndipo nyubu aitwe. Serikali nayo, katika sensa ya 2011, iliwaweka wafuasi wa Donyi-Polo kwenye fungu la "dini nyinginezo", fungu lililokuwa na zaidi ya robo ya watu wa jimbo zima.

Mzee alinikaribisha pombe ya mchele na nyama. Mdogo wake, Mkristo, aliketi nasi, madhabahuni hakusogea. Nilipomuuliza amefuata nini pale, alinitazama kana kwamba nimeuliza upuuzi. "Mimi si Mnyishi?" akasema, akajiongezea nyama.