Alama mbili za mshangao ambazo hazikuwa zangu

Mwezi uliopita nilicheza mechi mbili za chesi, moja Kitale na nyingine Bungoma, na tangu siku hiyo kuna kitu kinanisumbua. Wale wa Kiswahili cha vitabu mtaniambia inaitwa sataranji. Sawa, lakini huku kwetu ukisema sataranji watu wanadhani ni sabuni mpya. Acha tuseme chesi.

Ya kwanza niliicheza kwa simu, usiku, nikiwa kitandani, bando ikikaribia kuisha. Nilisogeza askofu wangu mahali nilipoona ni pazuri, nikajisifu, halafu ndio nikagundua nimeacha ngome yangu wazi kama duka lisilo na mwenyewe. Jamaa akaila papo hapo. Nikasema basi, imeisha. Kumbe pale askofu alipokaa alikuwa amemzibia mfalme wake njia zote za kutoroka, na hatua nne baadaye nikamfunga. Mechi ilipoisha, programu ikaichambua. Ile hatua ya askofu ikapewa alama mbili za mshangao. Ati kafara ya hali ya juu. Bana, hiyo ngome sikuwa hata nimeiona!

Siku tatu baadaye nikapanda matatu: Kiminini, Kamukuywa, Webuye, mpaka Bungoma kumsalimia shangazi. Upande wa Kanduyi kuna kibaraza cha duka ambapo mwalimu mmoja mstaafu huweka ubao wake jioni. Yeye ananiita kijana, mimi namwita Mwalimu, na kwa kawaida ananichapa. Lakini nilikuwa nimejua kitu kimoja kumhusu: mfalme wake akiguswa tu, mkono unaenda kwenye kofia. Siku hiyo nikamtoa farasi wangu kwa askari mmoja, makusudi, ili nimfungulie mlango wa mfalme. Nilikuwa nimefikiria hiyo hatua mpaka chai ikapoa. Mkono ukaenda kwenye kofia. Mwalimu akakaa kimya sana, akacheza vibaya, nikashinda.

Usiku nikaingiza hatua zote kwenye injini ya chesi. Farasi wangu akapewa alama mbili za kuuliza, yaani kosa kubwa. Mwalimu angemrudisha tu malkia wake nyumbani, ningekuwa nimekwisha.

Kwa hivyo kosa langu liliitwa kafara, na kafara yangu ikaitwa kosa. Nilikasirika kidogo. Halafu nikaamua kuielewa hiyo mashine kabla ya kuitukana.

Iko hivi. Ukianza chesi unafundishwa bei za kete: askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Kafara ni kutoa kete ya bei kubwa kuliko unayopata, ukiamini kuna malipo mengine yatakuja: muda, nafasi, au mfalme wa mwenzako kubaki uchi. Injini kama Stockfish inapitia mamilioni ya njia ambazo mechi inaweza kufuata, na kwenye kila njia inachukulia kwamba nyinyi wawili mtacheza vizuri kadiri inavyowezekana. Mwisho inakupa namba. Zamani, +1 ilimaanisha una faida inayolingana na askari mmoja. Kuanzia toleo la 15.1, lililotoka Desemba 2022, +1 inamaanisha injini ingekuwa na nafasi ya asilimia 50 ya kushinda kutoka hapo ikicheza dhidi ya nakala yake yenyewe. Yaani wameacha kuhesabu mali wakaanza kuhesabu uwezekano.

Lakini angalia hayo maneno, dhidi ya nakala yake yenyewe. Si dhidi ya Mwalimu. Injini haijui kofia ni nini.

Kuna bingwa aliyejenga maisha yake yote kwenye hiyo kofia. Mikhail Tal, kijana wa Riga, alichukua ubingwa wa dunia mwaka wa 1960 akiwa na miaka 23, akamnyang'anya Mikhail Botvinnik. Kwenye mechi ya sita alitoa farasi kwa njia iliyowashtua watazamaji, wakapiga kelele mpaka wachezaji wakahamishiwa chumba kingine. Botvinnik akapoteza. Baadaye wachambuzi walipokaa chini kwa utulivu waliona alikuwa na majibu mazuri zaidi. Ndio, lakini yeye hakuwa kwenye utulivu. Alikuwa mbele ya saa inayokimbia na mtu asiyeogopa. Mwaka uliofuata, 1961, Botvinnik alirudi akiwa amejiandaa na akauchukua ubingwa wake. Kwa hivyo Tal na injini wote wako sawa, wanajibu tu maswali tofauti. Injini inauliza kama hii hatua ni ya kweli. Tal anauliza kama wewe, leo, utaweza kulijua jibu lake.

Na msidhani mashine haiwezi kutoa. Mei 11, 1997, kule New York, Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimtoa farasi wake mapema kabisa dhidi ya Garry Kasparov, na Kasparov akasalimu amri baada ya hatua 19 tu. Dunia ikashtuka, kompyuta imetoa kafara! Kumbe ile hatua haikutoka kwenye hesabu za siku hiyo. Ilikuwa kwenye kitabu cha mianzo ambacho binadamu walikuwa wameiwekea. Kama mimi na ngome yangu, sifa ilienda kwa mtu mwingine. Ilipofika Desemba 2017 mambo yakageuka. AlphaZero ya DeepMind ilipewa sheria za mchezo tu, ikacheza na yenyewe mpaka ikajua, halafu ikacheza mechi 100 na Stockfish: ikashinda 28, sare 72, haikupoteza hata moja. Na ilikuwa inatoa askari, hata kete kubwa, bila malipo yanayoonekana karibu, ili tu kete za adui zikose pa kupumulia. Hiyo haikuwekewa na mtu.

Sasa, hapa steji ya Kitale hatuna haja ya AlphaZero, tuna watu wa nduthi na drafti ya vizibo vya soda. Nilikua nikiwaangalia. Kwenye drafti wanaiita kulisha: nakulisha kimoja, halafu nakula vitatu. Lakini kuna tofauti ambayo sikuwahi kuifikiria. Pale steji kula ni lazima. Nikikulisha, huna hiari, unakula, na mimi tayari nimehesabu utakapoangukia. Kwenye chesi unaweza kukataa. Unaangalia farasi niliyekupa, unamwacha hapo, unaendelea na mambo yako, na mimi nabaki nimemwanika bure.

Mchezaji mmoja wa Austria, Rudolf Spielmann, aliandika kitabu kizima kuhusu kafara mwaka wa 1935. Alizigawa mara mbili. Kuna ile ambayo malipo yake unaweza kuyahesabu mpaka mwisho, hiyo aliiona si kafara halisi, ni biashara tu. Halafu kuna ya kweli: unajua kabisa unachotoa, lakini huwezi kuhesabu kitakachorudi. Kwa hicho kipimo, vizibo vya steji ni biashara. Farasi wa Bungoma, hata kama alikuwa mbaya, alikuwa kafara ya kweli. Na ile ngome ya usiku haimo kabisa kwenye hesabu hiyo, kwa sababu sikujua nimeitoa.

Sasa nifike kwenye kinachonisumbua.

Wengi wenu mlinijua kupitia ile video ambapo nilisema, nikiangalia kamera, kwamba niliacha chuo mwaka wa pili na kwamba chuo ndiyo kafara niliyoitoa ili nifanye kazi hii. Mliipenda. Mliishea. Kuna watu waliniandikia kwamba niliwapa moyo. Na mimi nikazoea hilo neno, nikawa nalitumia kila mahali. Nilitoa kafara. Linapendeza mdomoni.

Binamu yangu akamwonyesha mama ile video. Mama hajui chesi, anajua mahindi na ng'ombe. Aliitazama mpaka mwisho, akarudisha simu. Jioni tukiwa jikoni akaniuliza, bila hasira hata kidogo, "Mwanangu, ule mtamba alikuwa wako?"

Karo yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwa mtamba. Alikuwa karibu kuzaa, ndiye angekuwa wa maziwa baada ya yule mzee kuchoka. Mama alimuuza bila kulia na bila kuposti. Yeye alijua bei yake mpaka shilingi ya mwisho, na hakujua kitakachorudi. Kama kuna mtu nyumbani kwetu aliyetoa kafara kwa kipimo cha Spielmann, si mimi.

Mimi nilipoacha chuo nilikuwa naangalia askofu wangu tu, pale pazuri alipokaa. Nilihesabu miaka miwili yangu, nikaona ni yangu na naweza kuitoa. Ng'ombe sikumwona. Si kwamba nilimwona nikaamua. Sikumwona.

Sisemi nilikosea kuacha. Hilo bado silijui, mechi inaendelea. Kuna mwezi pesa inaingia, kuna mwezi naomba mama ugali. Labda miaka kumi ijayo kila kitu kitakuwa kimelipa, na mtu atachambua maisha yangu nyuma aiweke ile hatua alama mbili za mshangao. Inawezekana. Ile ngome ya usiku pia ililipa. Lakini nitajua mwenyewe kwamba sikuiona, na nitajua ilikuwa ya nani.

Kwa hivyo ile video nimeiondoa. Si kwa aibu. Ni kwamba neno lile nililitumia kwa kete ambayo haikuwa yangu. Nimeanza kuweka pesa kidogo kwenye simu ya mama kila wiki, na tumekubaliana hizo haziguswi mpaka zifike bei ya mtamba. Tuko mbali sana. Mama amekataa tusianze kuangalia soko sasa hivi, anasema bei zitatuvunja moyo.

Na Mwalimu amenipigia. Ameirudia mechi yetu peke yake kwenye ubao, bila injini, na anasema amepata jibu: malkia arudi nyumbani. Jumamosi niko Bungoma. Nadhani safari hii kofia ataiacha nyumbani.