Hesabu ya Safari katika Mto Tana

Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu huuvuka Mto Tana karibu na Garsen. Maji yake ni mekundu kwa udongo utokao nchi za juu, toka Mlima Kenya na Nyandarua, nayo hupita kimya hata mgeni akadhani yamelala. Wapokomo, ambao migomba na mashamba yao ya mpunga yapo kando ya mto huo, hawadanganyiki. Kwao mtumbwi umebeba mavuno, na umebeba wagonjwa pia.

Mgeni hudhani kwamba muda anaoupoteza mtu akipanda mto huupata tena akishuka. Sivyo. Mtumbwi upigwao kafi mwendo wa maili 4 kwa saa penye maji matulivu utakwenda maili 12 na kurudi kwa muda wa saa 6. Lakini mkondo ukiwa wa maili 2 kwa saa, mtumbwi utashuka kwa saa 2, na kupanda kwake kutakula saa 6 nzima. Jumla ni saa 8, kwa kuwa mkondo humsaidia mtu kwa saa chache na kumpinga kwa saa nyingi.

Mvua za masika zikiujaza mto, mambo huwa mabaya zaidi. Mkondo wa maili 3 hufanya kupanda kuwe kwa saa 12. Wa maili 4 huuzuia mtumbwi pale pale, wapiga kafi wajapotoka jasho namna gani. Mwenye mgonjwa wa kupelekwa juu yampasa ayajue hayo kabla ya kufungua kamba, asije akakutwa na usiku katikati ya mamba na viboko.

Kuupima mkondo si kazi ngumu. Mtu hupima yadi 88 ukingoni, ambazo ni sehemu ya 20 ya maili, kisha hutupa kipande cha ukuni majini na kutazama saa yake. Ukuni ukipita kwa dakika moja na nusu, mkondo ni maili 2 kwa saa. Ukipita kwa dakika moja, ni maili 3. Lakini autupe pale mtumbwi utakapopita, maana maji ya katikati huwa na mbio kuliko ya ukingoni. Ndiyo sababu wapandao hushika ukingo na kusukuma kwa pondo, na washukao hukaa katikati. Tena maili zihesabiwe kwa kuufuata mto wenyewe, ambao hupinda-pinda mno, wala si kwa njia ya ndege.

Karibu na Kipini, mto uingiapo baharini, hesabu hii hugeuka. Bahari ikijaa huyarudisha maji ya mto nyuma, na mwenye kupanda aliyengoja saa hiyo huchukuliwa na maji yale yale ambayo asubuhi yangalimpinga.