Kroshia, Joto la Kaskazi na Kelele za Jirani



Juma lililopita mama mmoja alifika parokiani kuandikisha nia ya Misa, akanikuta barazani nikiwa na kroshia mkononi na donge la uzi mweupe mapajani. Alisalimu kwa adabu, akaandikisha nia yake, na alipokwisha kuaga akashindwa kujizuia: “Baba Paroko, kumbe na mapadre nao hufuma?” Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa wengine walikuwa wakisubiri zamu zao. Hata hivyo swali lake ni jema, na leo nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Nafuma, tena tangu utotoni. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wake aliusaidia kwa kufuma vitambaa vya makochi, ambavyo walimu wenzake walivinunua kwa malipo ya mwisho wa mwezi, ambayo mara nyingine yalifika na mara nyingine hayakufika. Nyumbani sikuwa na dada. Uzi ulipoletwa ulihitaji mikono miwili ya kuushikilia wakati yeye akiuviringa, na mikono iliyokuwapo ilikuwa yangu. Kutoka kushika uzi nikafika kufuma. Baba aliguna tu. Wenzangu wa seminari ndogo walinicheka sana, mpaka siku wavu wa goli ulipochanika kabla ya mechi na shule ya jirani, ndipo wakaja wenyewe kunitafuta. Nasi watu wa ukanda huu hatuna sababu ya kustaajabu: wavuvi hukaa ufukweni wakitengeneza nyavu zao, kama Yakobo na Yohane walivyokuwa wakifanya siku walipoitwa, na huko Zanzibar wapo wanaume hodari wa kudarizi kofia za vitobo. Sijui nani alianza kusema kwamba uzi ni wa wanawake.

Sasa tuseme juu ya majira yenyewe. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, kuanzia Desemba hadi Machi ni kipindi cha kaskazi, na wenyeji wanajua maana yake. Kipimajoto husoma nyuzi 32 au 33 mchana, namba ambazo kwa mtu wa Dodoma si za kutisha, lakini unyevu wa bahari hulifanya jasho likatae kukauka. Mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, kiasi kwamba mtu aliyesimama wima hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Usiku nao haurudishi nafuu, maana kuta za tofali za saruji zilizolikusanya joto mchana kutwa hulitoa polepole mpaka alfajiri. Umeme ukikatika, feni husimama, na mtaa mzima huhamia barazani.

Kufuma katika hali hiyo kuna taratibu zake. Uzi wa sufu hauvumiliki. Pamba ndiyo inayofaa. Mikono inayotoka jasho huufanya uzi ung’ang’anie chuma badala ya kuteleza, na ule mweupe hugeuka kijivu kabla kazi haijafika nusu. Mama alikuwa na kikopo cha poda karibu yake, akijipaka vidoleni kama mcheza mieleka, na mapajani hutandika kipande cha kanga safi ili kazi isiguse nguo yenye jasho. Kitambaa kikikamilika hufuliwa, huchovywa katika maji ya wanga wa muhogo, kisha huvutwa na kubanwa kwa pini juani mpaka kikakamae. Kwa kazi hiyo ya mwisho, jua la Februari halina mpinzani.

Kisha kuna kelele. Barazani kila mtu huisikia redio ya kila mtu. Kuna jenereta, kuna baa, na kuna zile sherehe za kukesha ziitwazo vigodoro, ambazo hufunga njia kwa maturubai na kutikisa mabati mpaka saa kumi na moja, muda ambao mimi naamka kujiandaa kwa Misa ya asubuhi. Nimezungumza na wahusika mara kadhaa, kwa upole na pengine bila upole wa kutosha, na sitalirudia hapa.

Nitakalolieleza ni jambo moja la kiufundi, maana ndilo lililonifanya niipende kroshia kuliko ufumaji wa sindano mbili. Anayefuma sweta kwa sindano mbili hubeba vitanzi vingi kwa wakati mmoja. Akishtuka na sindano ikachomoka, vitanzi vyote viko hatarini. Katika kroshia, kile kitanzi kilicho juu ya ndoana ndicho pekee kilicho wazi. Vyote vya nyuma vimekwisha kufungwa na vile vilivyofuata. Mlango ukigongwa ghafla, unakivuta kile kimoja kiwe kirefu, unaweka kazi chini, unakwenda. Ukirudi baada ya dakika tano au siku tano, unakikaza na kuendelea. Kwa mtu wa nyumba yenye misukosuko hakuna kazi ya mikono inayofaa zaidi. Tena vidole huyahesabu matundu vyenyewe, na mzoefu huweza kufuma gizani.

Labda ndiyo maana sanaa hii imekuwa rafiki wa watu walio katika dhiki. Mwaka 1845, ugonjwa wa viazi ulipoingia Ireland na kuanzisha njaa iliyoua watu wapatao milioni moja, watawa Waursulini wa Blackrock, karibu na Cork, waliwafundisha wanawake na watoto maskini kufuma kroshia ili wapate cha kuuza. Familia nyingi zilinunua chakula, na nyingine nauli ya meli, kwa fedha iliyotokana na ndoana ndogo na uzi. Mpaka leo viwanda hutengeneza kitu kinachofanana na kroshia, lakini kroshia yenyewe hutoka mkononi. Kila kitambaa mnachokiona juu ya kochi, popote duniani, kuna mtu aliyekikalia.

Jumatano, tarehe 16 Februari 2011, nilikuwa nyumbani kwa mama huko Pugu. Nilikuwa padre kijana, mwenye siku moja ya mapumziko katika juma, na mama alikuwa amestaafu, magoti yakimsumbua. Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgawo, na jioni ile haukuwapo. Tuliketi barazani. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili kuwa mpevu, kwa hiyo mwanga ulitosha, naye alikuwa akifuma kitambaa cha mviringo cha meza. Jirani yetu, kijana aliyekuwa na kibanda cha kuuza kanda na sidii, alikuwa amewasha jenereta na kufungulia muziki kwa spika zake mbili kubwa. Mama na kijana yule walikuwa hawasemezani kwa muda wa miezi miwili kwa sababu ya spika hizo.

Baada ya saa mbili usiku tulisikia mshindo ambao kwanza tuliudhania kuwa radi. Ukafuata mwingine, kisha mingi mfululizo, na upande wa Gongo la Mboto mbingu ikawa nyekundu. Mtakaokumbuka mtakumbuka: ghala za silaha katika kambi ya jeshi zilikuwa zikilipuka, na mabomu yalikuwa yakirushwa huku na huku juu ya makazi ya watu. Hatukuhitaji kuelezwa, maana milipuko ya Mbagala ya tarehe 29 Aprili 2009 ilikuwa haijapita hata miaka miwili. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha katika tukio hili la Gongo la Mboto, uwanja wa ndege ulifungwa usiku ule, na maelfu walilala katika Uwanja wa Uhuru. Wengine walikimbilia upande wetu, na kabla ya nusu saa kupita barabara ya kwenda Kisarawe ilikuwa imejaa. Walikuwapo wanawake wenye magodoro kichwani, wazee waliobebwa mgongoni, na watoto wengi mno waliokuwa wakikimbia na watu wasiowajua.

Nilimwambia mama tuondoke. Akanijibu, “Mimi sikimbii, Padre. Magoti haya yatanifikisha wapi? Wewe nenda getini ukaangalie wanaohitaji maji.” Akaendelea kufuma. Nilikwenda getini na ndoo na vikombe.

Huko ndiko alikoletwa mtoto mmoja wa kiume, wa miaka minne au mitano, mwenye kaptula ya bluu na bila shati. Mama aliyekuwa amemshika mkono alisema amemwokota njiani tangu Mombasa, yaani ile Mombasa ya Ukonga, naye alikuwa na wanawe watatu wa kuwaangalia. Nilimuuliza mtoto jina lake. Hakujibu. Nilimuuliza jina la baba, la mama, la shule, la mtaa. Alikuwa akinitazama tu, na kila bomu lilipolia alikuwa akifumba macho. Nikampeleka barazani.

Mama hakumuuliza lolote. Alimketisha juu ya mkeka karibu na miguu yake, akampa donge la uzi, akamwambia, “Nishikie huu, baba, usianguke chini ukachafuka. Nikivuta, uachie kidogo.” Mtoto akalishika kwa mikono miwili. Mama akivuta, naye anaachia. Milipuko iliendelea, mabati yakatetemeka, na wale wawili wakaendelea na kazi yao kama watu wa kiwanda kimoja.

Muziki wa jirani ulikuwa umezimwa tangu mshindo wa pili. Nilidhani kijana amekimbia. Kumbe alikuwa akiburuta spika zake hadi kando ya barabara, na baada ya kuunganisha kipaza sauti alianza kutangaza: mtoto wa kike, gauni jekundu, yuko hapa dukani, bibi mmoja anayetafuta wajukuu zake wawili, mtoto wa kiume, kaptula ya bluu, hajasema jina, yuko kwa Mwalimu. Sauti ile, ambayo nimekwisha kuwaambieni ilivyotuudhi, ilikuwa ikisikika mbali sana. Alitangaza mpaka ikakauka. Mara mbili nilimpelekea chai, na mara ya pili niliagizwa na mama mwenyewe.

Ilikuwa yapata saa saba usiku donge lilipokwisha. Mtoto aliunyanyua uzi uliobaki, kipande kifupi, akasema, “Bibi, umeisha.” Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Mama akamjibu kwamba liko jingine ndani, na wakati wa kufunga fundo la kuunganisha nyuzi akamuuliza, kana kwamba ni jambo dogo, “Nyumbani kwenu nani hufuma?” Akasema, “Mama Tatu.” Tatu ni nani? Ni dada yake. Basi nilikwenda mbio kwa jirani, na tangazo likabadilika: Baba Tatu, Mama Tatu, mtoto wenu wa kiume yupo Pugu kwa Mwalimu, mzima. Alilirudia kila baada ya dakika chache.

Baba Tatu alifika alfajiri, akiwa na ndala moja. Alikuwa amefika karibu na Kisarawe na wengine, akaelezwa njiani na watu waliolisikia jina lake. Alisimama kwenye ngazi za baraza, akamwona mwanawe amelala juu ya mkeka, donge la pili bado mkononi, akaketi chini palepale bila hata kutoa salamu. Si wote waliopata asubuhi ya namna hiyo. Kwa siku kadhaa baadaye redio ziliendelea kusoma majina ya watoto.

Kitambaa kile mama alikimaliza, lakini hakukiuza. Mwenye jicho la kazi hii hukisoma kama barua. Mistari ya katikati ina vitanzi vilivyolegea vizuri, mkono wa mtu anayebarizi. Kisha mistari kumi hivi imebanwa mno, hata kitambaa kimejikunja kidogo pale, maana mkono wenye hofu huukaza uzi bila mwenyewe kujua. Lipo fundo la kuunganisha donge la pili. Baada ya fundo vitanzi hulegea tena. Nilimshauri aifumue ile mistari iliyobana, kilale sawasawa mezani. Alinitazama kama nilivyowahi kutazamwa nilipokuwa darasa la pili.

Mwaka uleule haukwisha kwa amani. Desemba 2011 iliposhuka ile mvua ambayo mamlaka ya hali ya hewa ilisema haijaonekana Dar es Salaam tangu mwaka 1954, bonde la Msimbazi lilifurika, na watu wapatao 40 walikufa. Binamu yangu wa kike alikuwa akipanga Jangwani. Yeye na wanawe walitoka salama, wakiwa wamepandishwa juu ya paa la jirani, lakini nyumba ilijaa matope mpaka madirishani. Tulipokwenda kumsaidia kuzoa, kochi lilikuwa halifai, godoro halifai, televisheni haifai. Katika matope tulivikuta vitambaa vinane vya kroshia, zawadi ya mama yangu ya arusi. Alivisuuza maji saba, akavichemsha kwa sabuni katika sufuria la kuazima, akavianika juu ya seng’enge. Saba vilirudi vyeupe. Cha nane kilibaki na rangi ya chai, naye alikitandika juu ya redio katika chumba alichopanga Mabibo, na ndicho mgeni hukiona kwanza akiingia.