Siku Nne Bagamoyo

Sisi tukaao Uchindile tumezoea maji yaendayo upande mmoja. Mito yetu yatelemka milimani, yaingia Kilombero, nao Kilombero waingia Rufiji, wala hakuna tone lirudilo. Hata dada yetu alipotuambia, "Nenda pwani ukamrudishe mtoto," hatukudhani kwamba tungefundishwa habari za maji kwanza.

Mtoto huyo ni mpwa wetu, na kusoma tulimfundisha wenyewe. Alipomaliza darasa la saba alifanya kazi katika mashamba ya misonobari hapa kwetu, kisha akaondoka pasipo kuaga. Mwaka wa pili tukapata habari kwamba yuko Bagamoyo, anavua. Mama yake alilia, kwani kijana hakujua kuogelea. Nasi twakiri, wasomaji wetu, kwamba darasani tulikuwa tumesema mara nyingi kuwa watu wa pwani hukaa barazani wakinywa kahawa mchana kutwa. Tulisema hayo, na pwani hatujafika.

Basi likizo ya Juni tukapanda gari la moshi la TAZARA, tumechukua debe la mchele wa bondeni. Toka Dar es Salaam tukaenda kwa basi, mwendo wa kilomita 70 hivi.

Mwenyeji wa kijana alikuwa nahodha mzee. Tulipiga hodi, tukaamkiana, tukatandikiwa jamvi, wala hakutuuliza tumefuata nini. Likaletwa sinia la wali wa nazi na samaki changu. Yeye ni Mwislamu. Alipotuona tunafanya ishara ya msalaba, alingoja, mkono wake haujagusa chakula, hata tulipokwisha ndipo akasema Bismillahi, tukala pamoja. Kisha tukamweleza shida yetu.

"Mpwa wako yuko majini, mwalimu," akasema. "Siku hizi ni bamvua. Atakuja na maji."

Tulidhani anatuzungusha. Lakini asubuhi alituchukua ufukoni, akatuonyesha. Bahari ilikuwa imekwenda mbali, na vyombo vimelala ubavu juu ya mchanga. Akasema kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndipo bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu. Sisi tuishio kwa kengele huamka saa ile ile mwaka mzima. Mvuvi huamshwa leo saa nane za usiku, kesho karibu saa tisa. Wale tuliowaona barazani na vikombe vya kahawa walikuwa wamekwisha kuvuta nyavu kabla sisi hatujafumbua macho. Tuliona haya.

Mchana huo chombo cha mpwa wetu hakikuja. Tukaenda kuutazama mji ili tupitishe saa: nyumba za mawe zilizobomoka, milango ya nakshi, na misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, walipowakusanya watumwa waliokombolewa. Hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, umechukuliwa na Susi na Chuma na wenzao toka mbali bara. Habari hiyo twaifundisha kila mwaka. Bali tuliposimama pale, tuliwafikiri zaidi wale wasioandikwa, watu wa bara kama sisi, waliofika mji huu kwa miguu, pembe za ndovu mabegani au minyororo shingoni, na mama zao hawakuletewa habari.

Usiku kusi kilivuma. Nahodha hakulala, nasi hatukulala. Alfajiri tulikuta wanawake wameketi ufukoni na ndoo zao tupu, hawasemi. Hapana aliyetuuliza sisi ni nani. Mmoja alisogea tu, tukaketi. Jua limekwisha kupanda ndipo tulipoona tanga, limepasuka na kufungwa kamba.

Kijana aliteremka maji yakiwa kifuani, tenga la samaki kichwani. Alipotuona alilitua, akainama, "Shikamoo, mjomba." Viganja vyake vilikuwa vimechanwa na kamba. Akaomba tumngoje, kwani mnada ulikuwa umeanza. Samaki walipouzwa, zilitolewa kwanza gharama za safari, kisha fungu la chombo na la nyavu, na zilizobaki wakagawana mabaharia mbele ya macho ya wote. Fungu lake halikuwa kubwa. Alilihesabu mara mbili, akatia nusu mkononi mwetu.

Tulikuwa tumetunga maneno mengi garini. Tulisema machache tu.

"Mjomba, siji," akajibu. "Lakini mwambie mama nimejifunza kuogelea."

Siku ya nne tuliondoka, na nahodha alitupa kikapu cha samaki wakavu. Dada yetu alitungojea stesheni. Alitutazama nyuma, akaona tuko peke yetu. Tukampa fedha, tukampa na salamu. Njiani hakusema neno hata tulipofika mlangoni, ndipo akauliza kama huko majini usiku kuna baridi, na kama mwanawe ana blanketi.

Hatukuwa tumemwuliza.